Mwenye Uwanja ni Nani? Duara la ngoma Kisarawe na Kibaha, kutoka mkole hadi brekidansi

Novemba 1969, mkuu wa mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya Dar es Salaam. Jiji lilikuwa bado sehemu ya mkoa huo, pamoja na Kisarawe, Bagamoyo, Rufiji na Mafia. Umoja wa Vijana wa TANU nao ulikuwa mwaka mzima katika Operesheni Vijana, ukiwaandama waliovaa sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Wasomaji waliandika magazetini kuhoji: ikiwa kosa la soul ni ugeni, mbona muziki mwingine wa kigeni umeachwa? Amri haikutenguka kwa hoja hizo. James Brown, kipenzi cha vijana wa mjini, akawa mgeni asiyetakiwa.

Miaka minne baadaye santuri za James Brown huyohuyo zilisaidia kuzaa mchezo mwingine. Agosti 11, 1973, katika jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Clive Campbell alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake Cindy. Watu walimjua kwa jina la DJ Kool Herc. Herc alikuwa amewatazama wachezaji na kugundua kwamba wengi hawaungojei wimbo wenyewe. Wanangoja kile kipande kifupi ambapo mwimbaji hunyamaza, vinanda vikatulia na ngoma zikabaki peke yake. Akaanza kutumia santuri mbili za wimbo mmoja ili kipande hicho kirudiwe na kurefuka. Kikifika, watu walirudi nyuma, duara likafunguka, mmoja akajitosa kati: hatua chache akiwa wima, kisha chini kwa mikono na miguu, kisha kuganda ghafla kama aliyepigwa picha. Akitoka, mwingine anaingia kumjibu. Hiyo ndiyo brekidansi.

Mtu wa Kisarawe aliyekulia kwenye ngoma asingehitaji mkalimani kuelewa kilichokuwa kikiendelea pale. Si kwamba Bronx iliiga Uzaramo, wala Uzaramo haikuiga Bronx. Kinachofanana ni sheria ya uwanja. Anayecheza yuko katikati, lakini wenye uwanja ni walio pembeni. Wao ndio wanaoitikia, wanaopiga makofi, wanaotunza, wanaozomea, na ndio wanaoamua kwamba zamu ya fulani imekwisha. Tangu mwisho wa karne ya 19, historia ya ngoma katika maeneo ambayo leo ni wilaya za Kisarawe na Kibaha imekuwa historia ya wakubwa mbalimbali waliotaka kuingia katika nafasi hiyo ya pembeni na kuikalia wao.

Kabla ya kibali

Wazaramo ni watu wa nyuma ya pwani, kuanzia Mto Ruvu kuelekea kusini hadi karibu na Rufiji. Majirani zao ni Wakwere, Wadoe, Wakutu, Waluguru na Wandengereko, na kwa sehemu kubwa ya Kibaha ni vigumu kuchora mpaka kati ya ngoma ya Mzaramo na ya Mkwere. Ukoo huhesabiwa kwa mama. Jambo hilo lina uzito kwenye ngoma, kwa sababu shughuli kubwa kuliko zote katika kijiji cha Kizaramo ilikuwa ya binti.

Msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali. Zamani kukaa ndani kulichukua miezi, na kwa wengine miaka. Alikabidhiwa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kichwa, kiwiliwili, matiti na kitovu, bila mikono wala miguu, akitunze kama mtoto. Makungwi walimfundisha kwa nyimbo. Kisha wanawake walimpeleka kwenye mti wa mkole, ambao kwa wingi wa matunda yake ulikuwa alama ya uzazi, na hapo ngoma ikachezwa na wanaume wakakaa mbali. Mwanaanthropolojia wa Ufini, Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti katika kijiji cha Bunju miaka ya 1960, aliandika juu ya mila hizo katika kitabu kilichotoka 1970. Duara la mkole lilikuwa la wanawake, na kuingia kwake kulikuwa na masharti: ambaye hajachezwa hana nafasi humo.

Duara la pili lilikuwa la wote. Siku ya kutolewa nje, mwali hubebwa mabegani, kanga mpya mwilini, mafuta yaking'aa usoni. Akiwa juu hana ardhi ya kukanyaga, kwa hiyo hucheza kwa mabega, shingo na mikono, macho yake ameyainamisha. Chini yake anayembeba naye anacheza, akifuata mlio wa chapuo, ngoma ndogo. Shangazi na wajomba husogea mmoja mmoja kumtunza: sarafu, noti, doti ya kanga. Kila anayetunza naye hupata fursa ya kuonekana, huzunguka hatua mbili tatu mbele ya watu kabla hajarudi kwenye ukingo. Fedha zinahesabiwa baadaye, lakini wote wamekwisha kuona nani ametoa na nani amejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake.

Kazi ya kuufungua uwanja huanza na moto. Ngozi iliyolala usiku kucha kwenye umande hulegea na sauti yake huwa butu. Basi huwashwa makuti makavu au nyasi pembeni, na wapigaji huinamisha ngoma zao kando ya miali, huzigeuza, huzigonga kwa ncha za vidole, husikiliza, huzirudisha tena motoni. Chapuo ndogo hukaza haraka, na vumi lenye sauti nene huchukua muda. Watoto ndio wa kwanza kukusanyika hapo, maana joto na mlio wa kujaribu ngoma huwapa taarifa kabla ya mtu yeyote kutangaza. Ngoma zikishalia sawasawa, sogora, yaani mpigaji hodari, huanza, debe likampokea, na watu waliokuwa wamesimama ovyo hujikuta wamepinda wakawa ukingo wa duara. Hakuna aliyewapanga.

Wazaramo walikuwa pia na duara lenye miguu. Mdundiko ni ngoma ya kutembea: wapigaji hufunga ngoma begani, hutoka nyumbani kwa mwenye shughuli, na umati huwafuata njiani huku ukiongezeka kila penye nyumba. Kwenye njia panda au mbele ya nyumba ya mtu wa kuheshimiwa, msafara husimama na kufungua uwanja. Watu hucheza, hutunzwa, kisha safari huendelea. Watoto wengi wa Kisarawe, Mbagala na Temeke wamewahi kuchapwa kwa kufuata mdundiko hadi mitaa wasiyoijua.

Shahidi mzuri wa ulimwengu huo kabla haujabadilishwa sana ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mzaramo mzaliwa wa Dunda, nyuma ya Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Humo ngoma zinaelezwa moja baada ya nyingine, nani huicheza na katika shughuli gani, na gharama hazikusahauliwa. Mtoro alijua alichokuwa anakisema. Kwa watu wa pwani ngoma ilikuwa na bajeti, wapinzani na heshima ya kupotea, na kushindwa kwenye ngoma kuliweza kumchoma mtu zaidi ya kushindwa kwenye biashara.

Wakubwa pembeni ya uwanja

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Kisarawe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Maneromango. Waliona katika ngoma, hasa za unyago, mambo ambayo Mkristo hapaswi kuyagusa, na waumini wao wakatakiwa kuchagua. Uislamu, uliokuwa ukienea Uzaramo kwa kasi zaidi kuliko misheni, haukuleta mgogoro mkali wa namna hiyo. Maulidi na ngoma vilipata kukaa katika kijiji kimoja, hata kama mashehe walinung'unika.

Serikali ya Kijerumani ilikuwa na hofu nyingine. Kwake, watu wengi waliokusanyika usiku na ngoma ni jambo la polisi. Vita vya Majimaji vya 1905 viliongeza hofu hiyo: huko Umatumbi na Ungindo, mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda yalifanywa kwa sura ya ngoma, na askari waliokuwa wakisikia milio kwa mbali hawakuwa na njia ya kujua kama kijiji kinaoza binti au kinajiandaa kwa vita. Uzaramo nao uliguswa. Kibasila, jumbe wa Kisangire kusini mwa Kisarawe, alinyongwa na Wajerumani, na jina lake leo limo kwenye ubao wa shule ya sekondari jijini Dar es Salaam.

Njia iliyodumu ya kuidhibiti ngoma haikuwa kitanzi bali karatasi. Katika miji, Wajerumani na baada yao Waingereza walitaka ngoma iombewe kibali, ichezwe mahali palipotajwa, na ikome saa iliyopangwa. Hapo ndipo mtu wa kwanza asiyecheza, asiyeitikia na asiyetunza alipopata neno la mwisho juu ya duara. Mwenye shughuli alianza kumwangalia karani kabla ya kumwangalia sogora.

Wachezaji walijibu kwa kumwiga mkubwa mwenyewe. Beni, iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilileta tarumbeta, magwaride, vyeo vya kijeshi na sare. Dar es Salaam iligawanyika katika makundi mawili makubwa: Marini, lililojivunia ustaarabu na waliosoma, na Arinoti, la watu wa kawaida. Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyowachukua maelfu ya wapagazi na askari, viliisambaza beni hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliipa beni kitabu kizima mwaka 1975, akionyesha kwamba waliovaa kofia za maofisa hawakuwa wakimtukuza ofisa. Walikuwa wakishindana wao kwa wao kwa mavazi ya mwenye nguvu, kama walivyoshindana zamani kwa ng'ombe na pilau. Beni ilikwenda kwa safu, si kwa duara, lakini ushindani wake ulikuwa uleule wa uwanjani: upande mmoja unatoka, mwingine unaingia, na mji mzima unahukumu.

Duara lakatwa nusu

Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alisikitika bungeni kwamba Waafrika walifundishwa kucheza madansi ya Wazungu huku wakizionea aibu ngoma zao, na akatangaza kuunda wizara ya utamaduni na vijana. Kwa wazee wa Uzaramo ilikuwa habari njema. Baada ya miongo ya kuitwa ushenzi, ngoma ilipata kiti serikalini.

Lakini kiti hicho kilikuwa na upande kilioutazama. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kilichoundwa baadaye kilichukua ngoma kutoka mikoani, zikiwemo zilizozaliwa jandoni na unyagoni, kikazipeleka jukwaani. Sindimba ya Wamakonde ndiyo iliyopata umaarufu zaidi. Jukwaani kuna mbele na nyuma, kuna muda, kuna sare, na kuna mgeni rasmi. Duara haliwezi kumtazama mgeni rasmi bila kumgeuzia mgongo nusu ya wachezaji wake, kwa hiyo lilikatwa. Likawa nusu duara, kisha mstari. Ngoma iliyochukua usiku kucha ikawa ya dakika chache kabla ya hotuba. Mtafiti wa Norway, Siri Lange, aliyeandika juu ya vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam miaka ya 1990, ameyaonyesha mabadiliko hayo hatua kwa hatua.

Mabadiliko haya yalionekana vizuri pia katika vijiji vya Pwani. Kiongozi akija kufungua kisima au zahanati, kikundi cha ngoma husubiri juani kuanzia asubuhi, gari likionekana hupiga, meza kuu ikishakaa hucheza wakiielekea, na kijiji chenyewe hutazama migongo ya watu wake. Wanaoruhusiwa kutunza ni walio meza kuu. Ngoma haikufa kwa utaratibu huo, kwani mikono ya masogora ilibaki ileile na nyimbo zikapata maneno mapya ya siasa. Kilichopungua ni mamlaka ya mtazamaji wa kawaida. Hakuweza tena kumtoa mtu uwanjani.

Kibaha ilikuwa na sura nyingine ya taifa jipya. Mwaka 1963, kando ya barabara ya Morogoro, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, nchi za Nordiki zilianzisha kituo cha elimu, afya na kilimo, zikakikabidhi kwa Tanzania mwaka 1970. Ndicho Shirika la Elimu Kibaha la leo. Kilileta vijana wa shule na wafanyakazi kutoka pande zote za nchi hadi kwenye ardhi iliyokuwa ya mihogo na mikorosho. Kwa mji wa namna hiyo, muziki wa pamoja haukuwa ngoma ya kabila moja. Ulikuwa dansi la redio.

Na humo, kimyakimya, Uzaramo ulikuwa umeingia. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliuita mtindo wake msondo, kwa jina la ngoma ndefu ya unyago. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza 1978, ikachukua sikinde, ngoma ya Wazaramo. Ushindani wa Msondo na Sikinde ukawagawa mashabiki wa Dar es Salaam na viunga vyake kwa miongo mingi, karibu sawa na Simba na Yanga. Kwenye ukumbi, saa ilipofika ya chemko, pale waimbaji wanapopunguza maneno na magitaa na ngoma vikachukua usukani, watu walitoka kwenye meza zao na kuwazunguka wachezaji hodari. Kile Herc alichokitafuta kwa santuri mbili, bendi za Dar es Salaam zilikuwa zikikitoa kwa mikono kila Jumamosi.

Kaseti, kigoda na kinanda kibovu

Brekidansi ilipofika Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1980 haikuja na wachezaji, ilikuja na picha. Mwaka 1984 filamu mbili za Kimarekani, Breakin' na Beat Street, zilifuatana kutoka, na mwaka mmoja kabla yake Wild Style ilikuwa imeshaonyesha mitaa ya Bronx yenyewe. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, lakini mashine za video zilikuwa zimeanza kuenea, na kaseti moja iliweza kutazamwa na mtaa mzima. Vijana walirudisha nyuma kipande kimoja mara nyingi, kisha wakaenda kujaribu nje.

Miili haikuwa migeni na kuruka. Mwaka 1965 serikali ilipeleka vijana 20 China kujifunza sarakasi, wakarudi 1969 na kuunda kikundi cha taifa. Kutoka hapo sarakasi ilishuka hadi kwenye maonyesho ya vikundi kama DDC Kibisa na Muungano, ambavyo miaka ya 1980 vilikuwa vikitoa kwa tiketi moja ngoma, vichekesho, maigizo, taarabu na watu wa kujipinda viungo. Mtoto aliyemwona mwanasarakasi akisimama kwa mikono juu ya chupa hakupigwa na butwaa na mtu wa New York anayezunguka kwa mgongo. Alichokipenda kwenye video ni kitu kingine: watu wamesimama karibu, hakuna jukwaa, hakuna mgeni rasmi, na mpinzani anajibiwa papo hapo.

Vijana wa viunga vya Dar es Salaam wakati huo walikuwa pia wanatengeneza duara lao wenyewe, na hili lilitoka moja kwa moja kwa Wazaramo. Mchiriku ulizaliwa pale ngoma za Kizaramo, chakacha hasa, zilipokutana na vinanda vidogo vya Casio. Kikundi cha Jagwa Music, kilichoanza Mwananyamala mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni mfano unaojulikana hata Ulaya tangu albamu yao ya mwaka 2012. Vyombo vyao vinaweza kubebwa kwa mkokoteni mmoja: ngoma za kienyeji, kinanda kilichopoteza baadhi ya vitufe na kufungwa kwa gundi, vikuza sauti vya kuungaunga, spika za mdomo mpana zinazokwaruza, na kigoda cha mti.

Kigoda ndicho cha kutazama. Mpigaji hukiweka mbele yake na kukipiga kwa fimbo mbili kwa kasi isiyopungua, kama debe lilivyokuwa likipigwa kwenye mdundiko, na mlio wake mkavu hupita juu ya kelele zote. Kinanda hurudia vipande vifupi vya sauti kali. Mwimbaji hutaja majina ya walio pembeni, na anayetajwa hawezi kubaki kimya, lazima aingie au atunze. Muziki huu ulichezwa uani, kwenye harusi na sherehe za kutoa mwali, nyakati za usiku, na kwa muda mrefu watu wa heshima waliuita wa wahuni. Kwa ujuzi wa uwanja, wahuni hao walikuwa wamesomea kwa bibi zao.

Singeli ilifuata mwanzoni mwa karne hii, kutoka Manzese, Tandale na mitaa kama hiyo. Badala ya ngoma na kigoda kuna kompyuta: kipande cha taarabu au mchiriku huchukuliwa, huongezwa kasi hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na msanii hurusha maneno juu yake. Msaga Sumu na Man Fongo waliupeleka redioni. Mkusanyo wa studio ya Sisso, uliotolewa Uganda mwaka 2017, uliupeleka kwenye matamasha ya Ulaya. Lakini kabla ya redio kulikuwa na kigodoro, sherehe ya mkesha wa harusi ambako wanawake wengi ndio wenye shughuli na uwanja hufunguliwa mbele ya nyumba, chini ya turubai au taa moja iliyofungwa kwenye mwembe. Dada anaingia, anacheza kwa sekunde chache kwa kasi ambayo jicho halifuati vizuri, anatunzwa, anatoka akicheka. Anayekaa sana kati anasukumwa pembeni na mwenzake bila samahani.

Serikali imeitazama singeli kama Wajerumani walivyoitazama ngoma ya usiku, kwa saa mkononi. Viongozi wa wilaya mbalimbali, Pwani na Dar es Salaam, wamepiga marufuku vigodoro mara kwa mara, wakitaja utoro wa wanafunzi, mimba za utotoni na kelele. Sababu hizo si za kupuuzwa: mwanafunzi asiyelala hasomi, na kutoa mwali katikati ya muhula kumewagharimu mabinti wengi masomo. Wazazi kadhaa wamehamishia shughuli hizo likizo, na muda wa kukaa ndani umepunguzwa hadi wiki au siku chache. Mila imejibana ili ipate kupita.

Kampala, Paris, Dakar

Mfano wa karibu wa brekidansi iliyoota mizizi Afrika Mashariki uko Kampala. Mwaka 2006 Abraham Tekya, anayejulikana kama Abramz, alianzisha Breakdance Project Uganda, mafunzo ya bure kwa vijana wa mjini, ambako anayejifunza naye hutakiwa kumfundisha mwingine. Crazy Legs, mmoja wa wakongwe wa Rock Steady Crew ya New York, alikwenda kuwatembelea, na safari yake ikawa filamu ya Bouncing Cats ya mwaka 2010. Walipofika Gulu, mji uliotoka kwenye vita virefu, hawakuhitaji kueleza duara ni nini. Waacholi wana ngoma zao za kuzunguka.

Agosti 2024 brekidansi iliingia Olimpiki ya Paris kwa mara ya kwanza. Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada walitwaa dhahabu. Waamuzi tisa walikaa upande mmoja wa uwanja, wakipima vigezo vitano vyenye uzito sawa: ufundi, wingi wa mitindo, utekelezaji, kwenda na muziki na ubunifu. Hakuna kigezo kilichowahusu waliosimama kutazama. Rachael Gunn wa Australia, aliyejiita Raygun, hakupata kura hata moja katika mapambano yake matatu, na kwa siku kadhaa mamilioni ya watu wasiowahi kusimama kwenye duara lolote walimhukumu kwenye simu zao. Kwenye uwanja wa mtaani angetolewa kati kwa kicheko ndani ya nusu dakika, na wiki ijayo angeruhusiwa kuingia tena. Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 haikuuweka mchezo huo kwenye ratiba, ila umo katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyopangiwa mwaka 2026, ya kwanza ya Olimpiki kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Huku nyumbani, kukatwa kwa uwanja kunaendelea kwa namna yake. Kwenye harusi nyingi za Maili Moja, Kibaha, au Kisarawe mjini sasa kuna mshereheshaji mwenye kipaza sauti anayeita makundi kutunza kwa orodha: upande wa bwana, upande wa bibi, wafanyakazi wenzake, kamati. Mpiga picha wa video huwaomba watu wafungue njia ili kamera ione, na duara hugeuka kiatu cha farasi chenye mdomo unaoelekea lenzi. Hukaa hivyo mpaka mshereheshaji apumzike na DJ aweke singeli. Hapo wanawake waliokuwa wameketi huinuka na vitenge vyao, watoto hupenya katikati ya miguu, mpiga picha husukumwa ndani pamoja na taa yake, na binamu fulani aliyekuwa akijifanya mpole tangu asubuhi hujikuta kati peke yake, akitazamwa na watu wanaomjua tangu utotoni, wengine wakiwa wameshashika noti na wengine wakiwa wameshafungua midomo kumzomea.